Safu ya Kulia, Ukurasa wa Nne

Jumatatu, Machi 3

Haberman amehamia Arizona. Hatimaye! Miaka kumi na saba ameikalia safu ya kulia ya ukurasa wa nne wa Mlinzi, gazeti letu la kaunti, na sikumbuki hata wazo lake moja. Nakumbuka picha tu. Kushoto kwake huandika Bwana Lindqvist, mwalimu mstaafu wa biolojia, anayeamini kwamba serikali ni mama yetu sote. Haberman aliamini kwamba zamani theluji ilikuwa nyingi zaidi. Huo ndio ulikuwa mjadala wa kisiasa katika mji wa Kolin, Nebraska.

Mhariri Thorsen ametangaza: anayeitaka safu apeleke makala ya maneno mia tano kabla ya Ijumaa, Machi 21. Pia ataangalia wasomaji wanataka nani.

Naitaka. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Nina miaka ishirini na sita, shahada ya falsafa, na kazi ya kupima malori ya mahindi kwenye mizani ya ushirika wa wakulima. Nilikataa kazi Omaha kwa sababu naamini mtu akae alikozaliwa apatengeneze. Nimekaa miaka mitatu. Sijatengeneza chochote. Nikiipata safu, nitakuwa nilibaki kwa sababu. Nikiikosa, nitakuwa nilibaki tu.

Mpinzani wangu ni mmoja: Duane Stutz, dalali wa mnada wa ng'ombe, sasa kastaafu. Maoni yake yote ni kama yangu. Hilo ndilo linaloniuma. Huandika kwa herufi kubwa tupu.

Jumanne, Machi 4

Mpango. Gazeti linaruhusu barua moja kwa mtu mmoja kila siku thelathini. Yangu ilitoka wiki iliyopita, kuhusu kodi ya ardhi: jinsi maseneta wa mijini, wa Lincoln na Omaha, ambao hawana hata shamba la vitunguu, wanavyoamua mkulima wa huku alipe kiasi gani. Thorsen aliikata katikati akaweka tangazo la matairi.

Basi nimeandika barua tatu kwa majina ya watu wengine. Ya kwanza ya Bibi Ludmila, ninayeishi naye. Ya pili ya binamu yangu Ignac. Ya tatu ya Bi Rezek wa duka la maua. Zote zinasema, kila moja kwa mtindo wake, kwamba kaunti imechoshwa na wazee na inahitaji sauti changa, yenye elimu, yenye msimamo. Ya Ignac niliitia makosa ili iaminike.

Bibi alisaini bila kusoma, mikono ikiwa na unga. Akauliza tu kama ni ya umeme. Nikasema ni ya nchi. Akasema hiyo basi haikatiki.

Alhamisi, Machi 6

Aibu! Thorsen humpigia simu kila mwandishi wa barua kuhakikisha kwamba ni yake. Amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa. Kila wiki ameliandika hilo chini ya ukurasa wa nne, ninaousoma tangu nikiwa na miaka sita. Nilisahau.

Ignac alimwambia hajaandika kitu tangu mtihani wa mwisho wa shule, na ule pia aliangalizia. Bi Rezek alikata simu akidhani ni wauza bima. Bibi ndiye aliyezungumza. Alikiri saini ni yake. Kisha akasema maneno yaliyomo si yake, ila kwa kuwa Thorsen amepiga, anayo ya kwake. Thorsen ameyachapa. Nayanakili hapa ili nijiadhibu: "Maandishi ya gazeti ni madogo mno. Mjukuu wangu ana akili nyingi, lakini anaongea kama mtu anayewafundisha ng'ombe. Na hamjaweka saa za misa ya Jumatano ya Majivu."

Duane alikuja mizanini bila lori wala mahindi. Alikuja kunisomea maneno ya Bibi kwa ile sauti yake ya mnada. Akaniuliza, "Eti profesa, ng'ombe wamefika darasa la ngapi?" Madereva wawili wakacheka hadi wakashika milango ya malori yao.

Nilimwuliza Bibi kwa nini. Akasema Thorsen aliuliza kwa adabu.

Ijumaa, Machi 7

Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima. Samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa parokia. Kwetu hapa siasa zote hufanyika kwenye foleni ya samaki; uchaguzi ni kuthibitisha tu.

Lindqvist wiki hii ameandika kuhusu mswada wa waajiri. Mswada wenyewe ni mfupi: kila anayeajiri katika jimbo hili lazima ahakiki serikalini kwamba kila anayemwajiri ana hati za kufanya kazi nchini. Basi. Mimi nauunga mkono kwa moyo wote. Kiwanda cha nyama cha hapa kwetu kinaupinga, kwa kuwa mtu asiye na hati hashtaki mtu. Maseneta wa chama changu, waliokula viapo majukwaani juu ya mpaka wa kusini ulio mbali na hapa kilomita elfu moja, wananyamaza kuhusu lango la kiwanda ambalo wanalipita kila wiki. Hapo ndipo ningeanzia, kama ningekuwa na safu! Na magazeti nayo: mhamiaji kwao ni machozi au ni pingu. Siku ambayo hakulia wala hakukamatwa, hayupo.

Lindqvist kawaita wahamiaji "ndugu zetu wasio na sauti". Gazeti lilikuwa limetandikwa chini ya sinia la samaki. Doña Eulalia Mateo, mpishi wa leo, akalisoma huku akigeuza samaki. Ametoka Guatemala, milima ya Huehuetenango. Alisubiri hati zake miaka kumi na mmoja, akafanya kazi ya kisu kiwandani miaka kumi na minne, sasa ana cherehani na duka dogo karibu na posta. Akasema kwa sauti ya kufika mwisho wa foleni: "Sina sauti? Mimi? Muulizeni mume wangu."

Watu wakaangua kicheko. Kisha akaongeza, bila kucheka, kwamba yeye angekuwa seneta angeupitisha mswada asubuhi na mapema. Mbele yake kwenye mstari wa kukata nyama waliwekwa wasio na hati, mashine ikaongezwa kasi, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Yeye alilalamika, lakini baada ya kisu kumkata. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havihisi kitu mpaka leo.

Nilisimama na sahani yangu nikisikia kichwa kinawaka. Shahidi! Mimi nina hoja, yeye ana vidole.

Mswada unasikilizwa Jumatano kwenye Bunge la Jimbo, Lincoln. Televisheni ya Omaha itakuwepo. Nikamwambia nitampeleka kwa gari langu. Akauliza, "Binti, wewe unapata nini?" Nikasema haki. Akasema sawa, lakini tutapita duka la vitambaa tukirudi.

Jumapili, Machi 9

Nimemwandikia hotuba. Kurasa mbili, dakika tatu kamili kwa saa yangu. Ina Aristotle mara moja tu.

Nilimsomea dukani baada ya misa. Alisikiliza akishona zipu. Nilipomaliza akauliza huyu "sisi" anayetajwa kila mstari ni nani. Nikasema ni wananchi. Akauliza kama yeye yumo. Nikasema ndiyo, bila shaka, ni raia. Akasema basi aongee kama mtu mmoja, maana aliyekatwa hakuwa sisi. Akaikunja hotuba vizuri sana, akaiweka kwenye droo ya vifungo.

Nimechukizwa. Ile sentensi ya Aristotle ilinichukua saa nzima.

Haidhuru. Nami nitasema. Makala yangu ya maombi itaanza hivi: "Nilipokuwa nikizungumza mbele ya Bunge la Jimbo..." Duane hawezi kuanza hivyo. Duane huanza na NASEMA.

Jumatano, Machi 12

Siwezi kuandika. Naandika.

Tulifika Lincoln saa saba mchana. Utaratibu naujua toka shuleni: wanaounga mkono huitwa kwanza, halafu wapinzani, halafu wasio na upande. Unajaza karatasi, unaketi, unataja jina na kulitamka herufi kwa herufi kwa ajili ya kumbukumbu, una dakika tatu. Taa ya kijani, ya njano, nyekundu.

Upande wa wapinzani walikuwa wameketi wakili wa kiwanda cha nyama na masista wawili watetezi wa wahamiaji. Walikaa mstari mmoja bila kutazamana. Hilo televisheni ya Omaha haikulipiga picha.

Doña Eulalia aliitwa wa pili. Hakuwa na karatasi. Aliinua mkono wa kushoto akasema alifika kiwandani na vidole kumi vinavyohisi, na ataeleza viwili vilikufa vipi. Hakutumia hata dakika mbili. Hata seneta wetu, ambaye nilimbandikia mabango kwenye baridi ya Oktoba na ambaye mpaka hapo alikuwa akisoma simu yake, aliiweka chini.

Mwanamke wa televisheni akatoka kwenda koridoni. Nikamfuata! Nilimweleza kwamba mimi ndiye niliyemleta yule mama. Nikamweleza kuhusu mizani. Nikamweleza kwamba kituo chake huja kwetu mara moja kwa mwaka, hupiga picha ghala la nafaka na mzee mwenye kofia, huondoka. Alisikiliza vizuri mno, akiitikia kwa kichwa. Dakika ishirini nzima!

Niliporudi, mwenyekiti alikuwa akiuliza kama yupo mwingine. Kiti kilikuwa wazi. Nikakimbia, nikaketi. Karani akaipokea karatasi yangu. Nikataja jina. Nikalitamka herufi kwa herufi.

Profesa wangu wa balagha alitufundisha: anza na hoja ya mpinzani wako, iseme kwa haki, kwa nguvu zake zote, kuliko yeye mwenyewe anavyoweza; kisha ibomoe. Nikaanza. Nilieleza jinsi mswada utakavyowaumiza wenye maduka madogo wasio na makarani. Nilieleza makosa ya kumbukumbu za serikali yanayoweza kumnyima raia kazi yake. Nilieleza kuhusu mashamba. Nilikuwa na ufasaha ambao sijawahi kuwa nao maishani! Nikavuta pumzi, nikasema, "Hata hivyo."

Taa nyekundu.

Mwenyekiti akanishukuru. Hakuna aliyekuwa na swali. Wakili wa kiwanda aliniinukia, akanipa mkono na kadi yake. Sista mmoja aligusa bega langu, akasema Mungu akubariki. Ndipo nilipoelewa kwamba wanaounga mkono walikwisha nikiwa nje, na kwamba nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wapinzani.

Kwenye duka la vitambaa Doña Eulalia alichagua kitani kwa nusu saa. Ndani ya gari, tulipopita ghala letu, akasema, "Mwanangu, umeongea vizuri sana. Kidogo unigeuze."

Alhamisi, Machi 13

Taarifa ya saa kumi na mbili jioni. Tulitazama na Bibi, sahani za maharagwe na nyama mapajani, mkate wa mdalasini pembeni. Doña Eulalia: sekunde hamsini. Mimi: sekunde nne, nikimfungulia mlango.

Na taarifa yenyewe! Walimwita "mhamiaji aliyeumia". Hawakusema raia. Hawakusema anaunga mkono nini. Waliweka muziki wa piano chini ya maneno yake, mpaka ukadhani anaomba msaada. Nilipiga kelele. Nina haki ya kupiga kelele: hiki ndicho ambacho nimekuwa nikikisema miaka yote, na safari hii nilikuwepo, nilisikia kila neno. Mtu alisimama akataka sheria ifuatwe, wakamfanya ombaomba.

Bibi alisema koti langu limenikaa vizuri mgongoni.

Alhamisi, Machi 20

Mlinzi imetoka. Ukurasa wa kwanza: "Wawili wa Kolin wazungumza Lincoln." Chini yake: "Bi Eulalia Mateo aliunga mkono. Bi Adela Pokorny alizungumza pamoja na wapinzani, akitaja mzigo kwa wafanyabiashara wadogo." Hakuna uongo hata neno moja.

Nikafunga mizani saa ya chakula nikaenda kwa Thorsen. Alikuwa anakula sandwichi juu ya matangazo ya mazishi. Nikamtaka arekebishe. Akatoa kumbukumbu za bunge, zimechapwa, jina langu limeandikwa sahihi kabisa, chini ya Wapinzani. Akasema amesoma mara mbili akitafuta mahali nilipounga mkono. Akauliza nimwonyeshe. Nikamwonyesha "Hata hivyo."

Akasema kwamba nimemwandikia barua thelathini na moja, amezitunza, na katika nyingi namkumbusha kwamba kazi ya gazeti ni kuchapa lililotendeka, si lililokuwa moyoni mwa mtu. Akasema amefikiria sana, na niko sahihi. Hakuwa ananidhihaki! Afadhali angenidhihaki. Ni mara ya kwanza mtu kukubaliana nami katika mji huu, na imetokea hivyo.

Nilipotoka Duane alikuwa ndani ya gari lake la mizigo mbele ya benki, kioo kimeshushwa. "Profesa," akasema, "mimi mswada niliupenda hadi nikausikia kwako."

Ijumaa, Machi 21

Nimepeleka makala. Maneno mia tano kamili. Saba ya mwanzo nimeyafuta: "Nilipokuwa nikizungumza mbele ya Bunge la Jimbo." Nimeandika badala yake kuhusu kukaa. Kwamba kuhifadhi si kuogopa jipya. Ni kumheshimu aliyekufa akakuachia mtaro na banda, na ambaye hajazaliwa, na kuwa mlinzi kati yao wawili. Kwamba nchi yenye sheria isiyofuatwa humdhulumu kwanza aliyeifuata. Niliandika bila kutaka kumshinda mtu. Nadhani ni kazi nzuri. Niliilia kidogo.

Duane kapeleka kurasa tisa. Nilimwambia wiki iliyopita kwamba Thorsen anapenda ndefu. Nadhani hilo si dhambi, ni mkakati. Ila nimelitaja kwa padre kwa tahadhari.

Alhamisi, Machi 27

Si mimi.

Si Duane.

Doña Eulalia Mateo. Picha yake ipo, na jina, na maneno mia tatu na tisini, pale pale kulia, ukurasa wa nne. Hata hakuomba! Thorsen alimfuata dukani akamwambia azungumze, yeye ataandika. Amewaandikia waliokuja baada yake: njooni kwa mlango, msije kwa dirisha, maana wa dirishani hana wa kumlalamikia nyumba ikimwangukia. Ameuliza seneta wetu alikuwa anasoma nini kwenye simu. Ameuliza televisheni ya Omaha piano ilitoka wapi.

Nilisoma nimesimama mizanini, lori likingoja. Kila oni lililomo ni langu. Nimelisema kwa miaka mitatu, kwa barua thelathini na moja, kwa sentensi zenye vishazi vinne. Yeye amelisema mara moja na mji mzima umelisikia. Sina mahali pa kumshitaki. Hakuiba kitu. Hayo ni maisha yake. Mimi nilikuwa na hoja tu.

Mwishoni amemshukuru "binti mmoja mwenye gari".

Dereva akapiga honi. Nikasahau kuandika uzito, ikabidi arudi mwisho wa foleni. Akaniita jina ambalo sitaliandika.

Thorsen aliniandikia kwa mkono, mistari miwili. Kwamba makala yangu ilikuwa bora kuliko zote alizopokea. Kwamba alipoimaliza hakujua kama anatakiwa kupiga makofi au kufanya mtihani.

Bibi alioka kolache, mikate midogo mitamu yenye jemu ya plamu. Akanisogezea sahani nzima. Nilikula sita. Nikamwambia ningekuwa Omaha sasa hivi, kwenye ofisi yenye zulia. Akasema ningekuwa Omaha nikilalamika kuhusu zulia.

Alhamisi, Aprili 10

Habari kubwa! Lindqvist ameacha!

Ametangaza leo, kushoto, ukurasa wa nne. Anasema ni mgongo. Si mgongo. Miaka tisa amewaandikia wasio na sauti. Wiki mbili mfululizo mmoja wao amemjibu akiwa upande wa pili wa karatasi, sentimita tano tu kutoka picha yake. Wiki iliyopita Doña Eulalia alimwuliza kama amewahi kuajiriwa kwa kazi ya kisu. Duane ameniambia mzee alionekana posta akinunua bahasha kwa unyonge. Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Dakika mbili hivi.

Safu ya kushoto iko wazi. Thorsen anataka mtu mwenye rekodi ya hadharani upande huo.

Nani katika kaunti nzima ana rekodi? Mmoja! Imechapwa, ina muhuri, jina sahihi herufi kwa herufi: Mpinzani. Nimeagiza nakala Lincoln kwa posta ya haraka.

Mpango ni huu. Nitaiandika safu ya kushoto kwa haki kabisa, kwa nguvu zake zote, kuliko wao wenyewe wanavyoweza. Wiki baada ya wiki. Doña Eulalia atanijibu na kunibomoa, wiki baada ya wiki, mbele ya kaunti nzima, na kila akinibomoa hoja yangu ya kweli itakuwa imeshinda. Nitakuwa nimeshinda kwa kushindwa! Hata Roma hawakufikiria hili.

Nimeandika ya kwanza jioni hii, dhidi ya mswada. Maneno mia tano kwa saa moja, bila kufuta hata moja. Nimemsomea Bibi. Amesema ndiyo mara ya kwanza ameelewa ninachoamini.

Nimemweleza kwamba siamini hata neno.

Akaomba nimsomee tena.

Kesho nampelekea Thorsen mwenyewe, kwa mkono. Safari hii nimefikiria kila kitu.